Asiingie Jikoni Kwangu

Mwanamke aliyenichukulia mume alikuwa fundi cherehani, na hakunizidi kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari yangu huwa wanajichorea kichwani binti mbichi, mweupe, mwenye kiuno chembamba. Hakuwa hivyo. Alikuwa rika langu, pengine ananipita kidogo, mfupi, macho yake mabovu, na alikaa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka moja karibu na stesheni ya Itigi. Hata mimi alishawahi kunishonea. Angekuwa mzuri ningesema mwanaume kaona sura, basi, yameisha. Sasa kila nikipita pale nilimtazama nikitafuta sababu, na sikuiona, na hilo ndilo lililonila.

Mimi na mume wangu tulikuwa watu wa asali. Yeye alitundika mizinga huko vichakani, akaingia na wenzake msimu ukifika, wakarina, akaleta ndoo nyumbani. Mimi nilichuja, nikafungasha, nikauza kwa abiria wa treni na kwa wafanyabiashara waliokuja kuichukua kupeleka Dodoma. Asali hiyo ilitujengea nyumba ya tofali za kuchoma. Jiko la nyumba ile nililichora mwenyewe kwa kijiti ardhini, fundi akanifuata: dirisha upande wa mashariki, meza ya zege ya kukatia mboga iliyofika kiunoni mwangu sawasawa, kona ya mkaa na kona ya gesi. Majirani walikuja kulitazama, na wengine waliniomba fundi yule yule.

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Alirudi, akala, akasema asante mama, akafungulia redio. Nilizoea. Hata kwa wenzangu nilijisifu kwamba nimepata mtu mpole, maana wao waume zao walikuwa wanafoka.

Siku niliyojua, nilikuwa nimepeleka gauni la binti yangu likapunguzwe. Nilikuja kwa upande wa nyuma wa lile duka, na kabla sijajitokeza nikaisikia sauti ya mume wangu. Alikuwa anasimulia. Anaeleza jinsi nyuki walivyowatimua, anamuigiza mwenzake aliyekimbia akaacha kiatu kimoja, na yule mwanamke anacheka mpaka anajishika kifua. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa ameinamia cherehani anampitishia uzi kwenye tundu la sindano, kwa sababu yule macho yake hayalioni. Hakuombwa. Alifanya huku anaendelea na hadithi yake, kama kazi ambayo mkono umeshaizoea.

Ningewakuta kitandani nadhani ingeniuma siku chache na yangeisha. Lakini ile hadithi ya nyuki mimi sikuwa nimesimuliwa. Niliosha nguo zake za porini juma lile lile, nikamuuliza safari ilikuwaje, akanijibu, "Salama."

Nilipomkabili hakukana. Alikaa kitandani akatazama mikono yake, akasema hana la kunieleza ambalo litanisaidia. Mchungaji aliyetufungisha ndoa alikuja, akaja na kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu, mtu ninayemheshimu mpaka leo. Mume wangu aliwapa shikamoo wote, akawasikiliza wote. Baada ya mavuno ya alizeti akahamia chumba cha kupanga karibu na stesheni, na kila mtu mjini alijua ni kwa nini karibu na stesheni.

Mama yangu, ambaye akikasirika huacha Kiswahili na kusema Kinyaturu tu, aliniambia nirudi nyumbani Ikungi nikapumzike. Sikutaka kupumzika. Nilitaka kesi. Ndugu mmoja akanielekeza kwa wakili mwanamke aliyeko Singida mjini, nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mafuta ya alizeti, na harufu ya mashudu ilipanda mpaka kwenye kiti nilichokalia. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, amevaa kandambili, viatu vyake vya mahakamani vimekaa pembeni ya ukuta. Kitu cha kwanza nilichotazama ni kidole chake. Kilikuwa na pete. Nikamwonea wivu hata kabla hajaniuliza jina. Siku zile ndivyo nilivyokuwa. Nikiona mwanamke amebebewa mfuko na mumewe sokoni, siku yangu imeharibika.

Nilianza kueleza na sikupumua. Nilimweleza yule mwanamke anavyokaa, anavyocheka, nguo alizonishonea zilivyokuwa zinanibana kwapani. Wakili hakunikatiza. Nilipomaliza akanisogezea glasi ya maji, akasema, "Mama, tangu umekaa umenieleza habari za fundi cherehani. Sasa nieleze habari zako."

Nilikaa na ile glasi mkononi, nikaona aibu kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Akaanza kuniuliza pole pole. Tulifunga ndoa wapi, watoto wangapi, wanasoma wapi, nani analipia, mizinga iko wapi, nani alichuja asali, nani aliuza, wateja wanamjua nani. Nilipomwambia kwamba mizinga ni ya mume wangu mimi nilikuwa nachuja tu, aliacha kuandika. Akaniambia nisirudie tena neno hilo "tu" mbele ya mtu yeyote, maana mahakama inapogawa mali ya ndoa inatazama mchango wa kila mmoja, na kuchuja ni mchango, na kupika chakula anachobeba mtu kwenda porini nako ni mchango.

Kisha akanivunja moyo. Nilidhani nitatoka pale na tarehe ya mahakamani. Akanieleza kwamba mahakama haipokei maombi ya talaka mpaka kwanza tupite kwenye baraza la usuluhishi, lijaribu kutupatanisha, na likishindwa litoe hati ya kusema limeshindwa. Nikamwambia huko ni kupoteza muda, mchungaji ameshashindwa. Akasema nisiende kama mtu anayefuata karatasi. Niende niwajibu wazee kweli. "Wakiwapatanisha," akasema, "mimi nitafurahi kukosa kazi."

Baraza lilikaa kwenye ofisi ya kata. Wazee walitusikiliza, mimi kwanza, kisha yeye. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa mjumbe akamuuliza mume wangu swali ambalo sisi wote tulikuwa tunalizunguka: akiombwa leo amwache yule mwanamke arudi kwa mkewe, ataweza?

Mimi nilikuwa namtazama mdomo. Kama angesema ataweza, hata kwa uongo, ningebeba uongo ule nikaenda nao nyumbani nikaupikia chai.

"Siwezi kuwadanganya," akasema.

Mwanaume aliyenificha mambo msimu mzima, siku ya kudanganya ndiyo aliyochagua kusema kweli. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya ofisi, kwenye ukuta, mpaka yule mama mjumbe alipokuja kunishika bega. Hati ikaandikwa kwamba baraza limeshindwa.

Likizo ya shule iliyofuata mtoto wangu wa kike alikwenda kushinda na baba yake. Wakili ndiye aliyenishauri nisimzuie, akisema baba ni baba hata ndoa ikifa. Jioni mtoto akarudi amesukwa twende kilioni, mistari imenyooka, kichwa kinang'aa mafuta. Nikamuuliza nani kamsuka. Akajibu bila wasiwasi wowote, "Mama mdogo."

Mama mdogo ni dada yangu. Wako wawili, mmoja Ikungi na mmoja Manyoni. Sikujua kama kuna wa tatu.

Nilimpigia wakili pale pale, nikiwa nimesimama uani, nikamwambia aandike mtoto asiende tena kwa baba yake. Aliniacha nimalize. Akauliza kama mtoto alipigwa, au alinyimwa chakula, au aliachwa peke yake. Nikasema hapana. Akauliza kama alisukwa vibaya.

"Amesukwa vizuri," nikasema. Neno hilo lilinitoka kwa shida kuliko yote niliyosema kwenye baraza.

Akaniambia hakimu atakapoamua watoto wakae na nani atatazama faida ya watoto, na mama anayewazuilia watoto baba yao kwa sababu ya nywele hatasimama vizuri mbele ya hakimu. Hakunifokea. Akaongeza kwamba usiku ule nimlaze mtoto na nywele zake, na kama nimeshindwa kuzisifia, basi ninyamaze. Nilinyamaza. Wiki nzima nilimwogesha mtoto nikiwa naiona mikono ya yule mwanamke kwenye kichwa chake.

Nilirudi Singida kuandaa maombi. Mambo mengi yalikwenda haraka. Watoto wangekaa nami, baba angechangia matunzo na kuwaona, na hilo mume wangu alikuwa ameshamwambia kaka yake kwamba hana ubishi nalo. Tukafika kwenye mali. Wakili akaniuliza ninataka nini.

"Nyumba."

"Na mizinga?"

"Achukue. Achukue na ghala la asali, na kiwanja cha barabarani. Mimi nipe nyumba."

Aliweka kalamu chini. Akaniuliza nyumba ile ninaitaka kwa sababu gani. Nikamweleza kuhusu jiko, nikamweleza dirisha, meza ya zege. Nikasema siwezi kuvumilia yule asimame kwenye meza ile akate nyanya zake, usawa wa kiuno changu mimi. Nilikuwa nimeliota mara nyingi. Kwenye ndoto yule mwanamke hupika, na mume wangu hukaa kwenye kigoda pale mlangoni anamsimulia, na dirisha langu liko wazi.

Wakili akaniuliza, kwa sauti ile ile ndogo, "Mama, unaitaka nyumba, au unataka yule asiingie?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari. Nikajikuta nasema la kweli. "Nataka asiingie."

"Hilo mimi sina uwezo nalo, na hakimu naye hana. Utaichukua nyumba, wao watajenga nyingine, na huko nako atapika. Ninachoweza ni kukuombea unachostahili. Nyumba ukiitaka tutaipigania, ina haki yako. Ila niambie kwanza, mwezi ujao watoto watakula nini?"

Niliondoka nikiwa nimemkasirikia. Nilijiambia yeye ana pete yake, anarudi kwa mume wake jioni, anajua nini. Lakini nilipofika Itigi niliingia kwenye ghala la asali kuangalia ndoo zilizobaki, na nikakaa humo. Ghala lile lilikuwa chumba kimoja na stoo, kwenye kiwanja cha barabarani. Humo ndimo nilimokuwa naijua kila harufu. Wateja walinipigia simu mimi. Wafanyabiashara wa Dodoma hata sura ya mume wangu hawakuijua. Nilikuwa tayari kuyaacha yote hayo kwa fundi cherehani ili asipate meza ya zege. Yeye angekaa juu ya riziki yangu, mimi ningekaa jikoni bila cha kupika.

Nilimpigia wakili nikamwambia tuongee upya.

Alituita ofisini kwake wote, mume wangu na shemeji. Kabla ya lolote alimwambia mume wangu waziwazi kwamba yeye ni wakili wangu mimi, na kwamba ana haki ya kutafuta wake au kwenda kuuliza msaada wa kisheria kabla ya kukubali kitu. Mume wangu akasema ataongea, na kaka yake yupo.

Na aliongea kweli. Wakili alimuuliza kuhusu mizinga, akaeleza ipo wapi, ipi imeingia nyuki na ipi haijaingia, miti gani inachanua lini. Aliongea vizuri, kwa mpangilio, hata akatabasamu mara moja wakili alipouliza kama nyuki wanamjua. Nilikaa pale nikaona wivu unanipanda tena, sasa kwa wakili wangu mwenyewe. Ilikuwa imemchukua saa moja tu kumfungua mdomo. Nilijiuliza alifanya nini. Nikaangalia, nikaona anauliza kitu kimoja, kisha anasubiri. Mume wangu alikuwa mzito kuanza, na mimi miaka yote nilikuwa namjazia maneno kabla hajaanza.

Lakini hata hivyo, kwa fundi cherehani alianza bila kusubiriwa. Sikutaka kujibebesha yote.

Makubaliano yalikuwa hivi. Mimi nilichukua ghala na kiwanja cha barabarani, vyombo vyote vya kuchujia, na sehemu ya mizinga. Yeye alichukua nyumba na mizinga iliyobaki, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na thamani kubwa kuliko ghala, angenijengea vyumba vya kuishi kwenye kiwanja kile, mimi na watoto tukikaa kwenye nyumba mpaka vyumba viezekwe. Wakili aliligandia neno hilo la kuezekwa. Mume wangu alitaka liandikwe "mpaka ujenzi uanze," yeye akakataa kwa upole mara zote lilipoletwa, mpaka shemeji mwenyewe akasema, "Andika viezekwe. Ni haki."

Mahakamani Singida nilienda nikiwa nimevaa gauni jeusi. Wakili alikuwa amenieleza kila kitakachoulizwa, nani atakaa wapi, nisimame lini, nimwite hakimu mheshimiwa, nijibu nilichoulizwa peke yake. Alinieleza pia kwamba kukubaliana mali hakutoshi, hakimu lazima aridhike kwamba ndoa yenyewe imevunjika haiwezi kurudi. Niliyakumbuka yote. Lakini sikuwa nimejiandaa kwa swali aliloulizwa mume wangu, kama ni kweli anaishi na mwanamke mwingine.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakuangalia chini. Nilikuwa nimekwenda pale kuthibitisha jambo hilo hilo, na wakili wangu alikuwa na mashahidi wa kulithibitisha, na bado nilitamani akane. Kukana kungekuwa na aibu ndani yake, na aibu ile ingekuwa kwa ajili yangu. Alilisema kama mtu anayetaja kijiji anachotoka.

Siku ya hukumu hakimu alivunja ndoa, akayapokea makubaliano yetu. Nje, wakili alituita wote wawili chini ya kivuli cha ukuta akatueleza kilichobaki: muda wa kukata rufaa, hati ya talaka itachukuliwa wapi, na kwamba kila mmoja awe na nakala yake. Alimweleza mume wangu kwa uangalifu ule ule alionieleza mimi. Kisha akatupa pole, wote wawili, akaingia ndani kwa kesi nyingine.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba tulikuwa tunarudi mji mmoja. Tulishuka Mkiwa kila mtu na kimya chake, tukasubiri gari la Itigi pale njia panda. Yeye alinunua mahindi ya kuchoma akanivunjia nusu kabla hajakumbuka. Nikaipokea. Simu yake ikaita. Akaangalia jina, akaniangalia, akavuka barabara akasimama nyuma ya lori lililoegeshwa. Nilikuwa naiona mikono yake tu. Inapanda, inashuka, inaonyesha hakimu alivyokaa. Talaka yangu nayo alikuwa anamsimulia yeye.

Gari lilipokuja nilikaa mbele na dereva.

Vyumba viliezekwa kabla ya mvua. Tulihama kwa mkokoteni, na wao wakaingia kwenye nyumba mwezi uliofuata. Binti yangu huwa ananiletea habari bila kuulizwa, na nimejifunza kuzipokea huku nikifanya kazi nyingine. Nauza asali zaidi ya zamani. Wateja wengine wanatoka mpaka Ulemo, na nimeajiri mama mmoja wa kunisaidia kufungasha. Mume wangu, nasema mume wangu kwa mazoea, sasa ananiletea na asali yake niichuje, kwa sababu akiichuja mwenyewe inabaki na nta na wafanyabiashara wanaikataa. Anapanga foleni na wengine.

Msimu uliopita alikuja akasimama mlangoni, akasema yule fundi macho yanazidi kumsumbua, kushona kunamshinda, na anaomba aje ajifunze kuchuja kwangu, hata kwa siku chache. Alilisema lote kwa pumzi moja, na nilijua limemchukua safari nzima kulipanga.

"Hapana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua ndoo zake.

Jioni ile nilimpigia wakili, ambaye bado tunasalimiana, nikamuuliza kama kuna mahali popote kwenye yale makubaliano panaponilazimisha kumfundisha. Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, akaniambia hakuna. Akaniuliza kama nilikuwa na sababu. Nikamwambia sina nyingine zaidi ya ile anayoijua.

"Basi hiyo inatosha," akasema, na akaniagiza asali lita tano, nitume na basi la asubuhi.